Utafiti wa utamaduni, siasa na maisha ya jamii: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hunifikia kutoka kwa wanafunzi wanaoandaa tasnifu, viongozi wa vikundi waliofuatwa na watafiti, na watu wa mashirika wanaotaka kufanya mradi kabla fedha hazijarudi kwa mfadhili. Nimeyajibu hapa kama ninavyoyajibu tukikaa ana kwa ana. Penye msimamo wangu sijauficha.

Utafiti wa aina hii ni upi hasa?

Ni utafiti unaokataa kutenganisha vitu ambavyo maishani havijatengana. Kwaya ni muziki, lakini kwaya ina mwenyekiti, ina mweka hazina, ina uchaguzi na ina ugomvi wa uchaguzi. Anayechunguza sanaa peke yake atasikiliza sauti. Anayechunguza siasa peke yake atauliza wanakwaya wanampigia nani kura. Mtafiti tunayemzungumzia hapa anauliza mwenyekiti alipatikanaje, nyimbo huchaguliwa na nani, na kwa nini mgombea akija kuomba kura huanza kwa kuwanunulia sare.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa zamani kidogo. Mwaka 1956 J. Clyde Mitchell alichapisha uchunguzi wake wa ngoma ya kalela katika miji ya migodi ya shaba ya Zambia, wakati huo ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini. Wachezaji walikuwa vijana wa kabila la Wabisa. Hakuna ngozi wala manyoya: suruali zimepigwa pasi, mashati masafi, viatu vinang'aa. Katikati yao kuna mwanamke amevaa nguo nyeupe za muuguzi, ameshika kioo na leso, anapita kwa mchezaji mmoja mmoja ili ajitazame, ajifute, abaki nadhifu. Na nyimbo? Zinasifu kabila lao na kuyatania makabila mengine.

Swali la Mitchell lilizaliwa hapo: mbona ngoma ya kabila inachezwa kwa mavazi ya karani? Kulijibu ilibidi atoke uwanjani aende kwenye mishahara, nyumba za kampuni za migodi na ubaguzi wa rangi uliowafungia watu milango ya vyeo. Alionyesha kwamba ukabila wa mjini haukuwa mabaki ya kijijini. Ulikuwa njia mpya ya kumjua nani ni nani katikati ya wageni, na yale mavazi yalidai heshima ambayo mji uliwanyima. Kioo kile na leso ile vilibeba habari nyingi kuliko hotuba.

Mimi nataka kuandika kuhusu ngoma tu. Siasa inaingiaje?

Mara nyingi imeshaingia kabla yako. TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, ilipoanzishwa mwaka 1954 ilihitaji watu, na watu wa Dar es Salaam tayari walikuwa wamejipanga, ila si kwenye vyama vya siasa. Wanawake walikuwa na vikundi vya ngoma vyenye viongozi, wajumbe, na njia ya kupeleka habari nyumba kwa nyumba. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji kiongozi katika kikundi kimojawapo. Alipoanza kuwaita wanawake wajiunge na chama, hakuanza na karatasi nyeupe, mtandao ulikuwepo.

Habari hii ilichelewa kuandikwa ipasavyo kwa sababu historia ya chama ilikuwa ikisimuliwa kupitia wanaume waliosoma. Susan Geiger ndiye aliyekaa na wanawake hao katika miaka ya 1980 na kurekodi maisha yao, na kitabu chake kikatoka mwaka 1997. Wengi wao hawakuwa wamepita shule za kikoloni. Angewauliza kuhusu "ushiriki katika siasa" pengine wangesema hawakuwa nao. Aliwauliza kuhusu maisha yao, na siasa ikajitokeza yenyewe.

Lakini nionye pia upande wa pili. Usilazimishe. Ngoma ya beni, iliyoiga bendi za kijeshi, iliyoanza pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 na kusambaa na askari na wapagazi wakati wa vita vya 1914 hadi 1918, iliwatia hofu baadhi ya maofisa wa kikoloni. Waliona vyeo vya kijeshi, gwaride, na matawi yanayowasiliana mji kwa mji, wakahisi njama. Watafiti waliochimba baadaye walikuta zaidi ushindani wa fahari kati ya makundi kama Marini na Arinoti, na wanachama waliosaidiana kwenye shida na mazishi. Hiyo nayo ni siasa, ila si ile ambayo ofisa alikuwa anaitafuta. Ukienda ukiwa umeshaamua utakachokiona, utakiona.

Watu wakisema "sisi hapa hatutaki siasa", mradi wangu umekufa?

Hapana, ndiyo kwanza umeanza. Katika Kiswahili neno *siasa* limebeba mizigo miwili. Kuna ule wa zamani, wa upole na busara, tunaposema mtu amelimaliza jambo kwa siasa. Na kuna ule wa vyama, ahadi na fitina. Mtu akikwambia hapa hakuna siasa mara nyingi anamaanisha ule wa pili: hatutaki mtu wa kutugawa. Usibishane naye. Muulize mambo huamuliwaje, na nani hutumwa wawili wakikosana. Atakueleza siasa yote ya mahali pale bila kulitaja neno.

Kwa sababu hiyo siwashauri watu kuandika kwenye fomu ya ridhaa kwamba mradi "unahusu siasa" wakaishia hapo. Si kwamba ufiche. Eleza kwa maneno yasiyo na utata: "Tunataka kujua jinsi mnavyofanya maamuzi, mnavyochagua viongozi, na mnavyoshughulika na serikali." Huo ni ukweli kamili, na mtu anajua anachokikubali.

Nitumie hojaji, mahojiano, au nikae tu na watu?

Inategemea swali, na wengi hawapendi jibu hilo. Hojaji ni nzuri ukishajua cha kuuliza. Inakupa wangapi, haikupi kwa nini. Mahojiano yanakupa watu wanavyojieleza, na mtu anavyojieleza si lazima ndivyo anavyoishi. Kukaa na watu kunakupa yale ambayo hakuna anayeona haja ya kuyasema, lakini kunakula muda.

Mtafiti wa Marekani William Foote Whyte alihamia mtaa wa wahamiaji wa Kiitaliano mjini Boston mwishoni mwa miaka ya 1930. Usiku mmoja, katikati ya maongezi ya wacheza kamari, aliuliza moja kwa moja kuhusu polisi kuhongwa. Maongezi yakakauka. Kesho yake mwenyeji wake akamshauri apunguze maswali: watu wakikukubali, kaa nao tu, majibu utayapata hata kwa maswali ambayo hukuwahi kuyafikiria. Kitabu chake kilitoka mwaka 1943 na ushauri ule haujazeeka.

Nami nina langu. Nilihudhuria mikutano sita ya kikundi kimoja cha kusaidiana nikaandika kwenye daftari langu la uwandani kwamba wanawake hawazungumzi na maamuzi ni ya wanaume. Ilikuwa wazi, nilidhani. Mkutano wa saba mhasibu akaniachia daftari la fedha nilipitie wakati wanasubiri akidi itimie. Daftari la kawaida la kurasa mia mbili, jalada limefunikwa kwa gazeti. Safu ya kwanza tarehe, ya pili jina, ya tatu kiasi, ya nne sahihi au alama ya dole gumba. Kando ya kila mkopo uliopitishwa kulikuwa na herufi mbili kwa wino mwekundu. Nikauliza ni nini. Ni vifupisho vya majina ya wanawake wawili ambao hukutana na mwombaji siku moja kabla, nyumbani kwake, kuangalia hali yake. Wasipoweka wino mwekundu, ombi halifiki mkutanoni. Nilichokuwa nakitazama kwa mikutano sita ilikuwa sherehe ya kutangaza maamuzi yaliyokwisha kufanyika.

Tangu hapo kabla ya kuhoji mtu naomba kuona vitabu: daftari la mahudhurio, la fedha, la faini, kumbukumbu za mikutano. Watu hawaoni shida kuvionyesha wakikuamini, na havikumbuki vibaya kama tunavyokumbuka sisi. Uliza pia ufunguo wa ukumbi anakaa nao nani.

Je, ni kweli kwamba penye vikundi vingi vya jamii ndipo penye uongozi bora?

Hoja hiyo ina nguvu, na chanzo chake kikubwa ni Italia. Serikali za mikoa zilipoanza kazi mwaka 1970, Robert Putnam na wenzake walizifuatilia kwa takriban miaka ishirini, wakachapisha matokeo mwaka 1993. Taasisi zilikuwa zilezile kwenye karatasi, lakini baadhi ya mikoa ilihudumia watu vizuri na mingine ilidorora. Kilichoandamana na utendaji mzuri kilikuwa uhai wa vyama vya kiraia: vikundi vya kwaya, klabu za mpira, vyama vya ushirika. Mfadhili akisikia hivi anakimbilia kuanzisha vikundi.

Asikimbie. Mwaka 2017 ulichapishwa uchunguzi wa miji ya Ujerumani katika miaka ya 1920 na mwanzoni mwa 1930. Miji iliyokuwa na klabu nyingi zaidi kwa idadi ya watu, zikiwemo za kwaya na michezo, ndiyo ambako watu walijiunga na chama cha Wanazi kwa kasi zaidi. Klabu hurahisisha kuaminiana na kupashana habari, na habari hiyo inaweza kuwa ya chuki. Kwa hiyo kuhesabu vikundi hakutoshi. Angalia kikundi kinamkaribisha nani, kinamfukuza nani, na serikali iliyo juu yake ni ya namna gani. Hapa ndipo ninapoona mradi unaounganisha utamaduni na siasa unapodhihirisha thamani yake: takwimu zilimwambia mtafiti kuna klabu ngapi, ila kilichokuwa kinaimbwa humo ni habari nyingine.

Mhojiwa akishasaini fomu ya ridhaa, nimemaliza?

Hujamaliza. Sahihi inamlinda mtafiti na chuo chake kuliko inavyomlinda aliyesaini.

Wahavasupai, watu wa asili wanaoishi ndani ya Grand Canyon nchini Marekani, walitoa damu kuanzia mwaka 1990 wakiamini ni kwa ajili ya utafiti wa kisukari, ugonjwa uliokuwa unawamaliza. Baadaye wakagundua sampuli zilitumika pia kuchunguza maradhi ya akili na chimbuko la uhamaji wao. Hilo la mwisho liliwaumiza kwa namna ya pekee, kwa sababu lilipingana na simulizi yao ya kwamba chimbuko lao ni pale pale kwenye bonde. Kesi iliisha kwa maafikiano mwaka 2010 na sampuli zilizobaki zikarudishwa kwao. Huo ulikuwa utafiti wa tiba, lakini sauti uliyorekodi kwa ajili ya mradi wa nyimbo za kazi nayo ni kitu cha mtu. Ukitaka kuitumia kwenye mradi wa uchaguzi, rudi ukamwombe upya.

Tena kuna mambo ambayo mtu mmoja hawezi kuyaridhia peke yake. Siri za jando, wimbo wa ukoo, dawa: mwenye mali ni jamii. Mataifa ya asili ya Kanada yaliweka tangu mwaka 1998 kanuni zinazosema jamii ndiyo inayomiliki taarifa zake, inayozisimamia, na inayoamua nani azione. Wasan, watu wa asili wa Afrika Kusini, walitoa kanuni zao za maadili ya utafiti mwaka 2017, baada ya miaka mingi ya watu kuja, kuchukua na kuondoka. Wanadai heshima, uaminifu, haki, kujali, na utaratibu unaofuatwa. Zisome hata kama hufanyi kazi huko.

Naweza kumwahidi mtu kwamba jina lake halitajulikana kamwe?

Ahidi unachoweza kukitimiza, basi. Kati ya 2001 na 2006 mradi wa historia simulizi ulirekodi wapiganaji wa zamani wa pande zote mbili za mgogoro wa Ireland ya Kaskazini. Waliambiwa kanda zitafungiwa katika chuo kimoja cha Boston hadi watakapofariki. Mwaka 2011 ziliombwa kwa amri ya kisheria, mahakama zikahusika, na baadhi zikakabidhiwa kwa polisi wa Ireland ya Kaskazini. Watu waliosema ya moyoni kwa nia njema wakajikuta matatani.

Kwa hiyo uliza mwanasheria kabla, si baada. Usirekodi jina pamoja na sauti. Orodha ya majina halisi na majina bandia ikae mbali na kanda, na kama huihitaji tena iteketeze. Zaidi ya yote, jua kwamba katika jamii ndogo jina bandia halifichi chochote. Ukiandika "mwalimu mstaafu mwenye mguu mmoja anayepiga tarumbeta", kila mtu anamjua. Badilisha kazi, badilisha ala, au acha kisa hicho. Nimeacha visa vizuri sana kwa sababu hiyo na sijutii hata kimoja.

Na anayetaka jina lake litajwe? Mtaje, mkishajadili hatari zake. Msanii aliyekupa utunzi wake akaishia kuitwa "Mhojiwa wa 14" amedhulumiwa.

Fedha zikitoka serikalini au kwa shirika kubwa, kuna ubaya?

Ubaya uko katika kutosema. Mwaka 1964 jeshi la Marekani lilianza kufadhili mradi ulioitwa Camelot, wa kutumia wanasayansi ya jamii kutabiri na kudhibiti machafuko katika nchi zinazoendelea. Habari zilipofichuka Chile palilipuka kashfa, na mradi ukafutwa Julai 1965. Waliopata hasara si waliouanzisha peke yao. Baada ya hapo watafiti wasiohusika nao kabisa walitazamwa kwa shaka.

Muulize mfadhili mambo matatu kwa maandishi: nani atazipata data ghafi, nani anaweza kuzuia uchapishaji, na kitatokea nini matokeo yasipompendeza. Asipojibu, umeshajibiwa.

Vibali je?

Anza mapema. Utashughulika na taasisi za taifa za sayansi na teknolojia: Kenya ni NACOSTI, Tanzania COSTECH, Uganda UNCST, mbali na kamati ya maadili ya taasisi yako. Barua ya kitaifa haikuondolei wajibu wa kupiga hodi kwa viongozi wa mahali penyewe.

Wanajamii wakiwa watafiti wenza, matokeo hayapindi?

Swali hili huulizwa kana kwamba matokeo ya mtafiti wa nje yamenyooka. Kila mtu ana mahali anaposimama. Tofauti ni kwamba wenyeji wakiwepo, makosa yako yanasahihishwa kabla hayajawa kitabu.

Nchini Kolombia, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Orlando Fals Borda alifanya kazi na wakulima wa pwani ya Karibi waliokuwa wanadai ardhi. Walikusanya simulizi za wazee kuhusu mapambano ya vizazi vilivyotangulia, na mchoraji Ulianov Chalarka akazigeuza kuwa vitabu vya katuni, kwa sababu wengi wa wasomaji hawakuwa na mazoea ya kusoma maandishi marefu. Mwaka 1977 mkutano uliofanyika Cartagena uliwakutanisha watu wa nchi mbalimbali waliokuwa wanafanya utafiti wa namna hii.

Wakati uleule, kati ya 1975 na 1979, mradi wa Jipemoyo ulikuwa unaendelea magharibi mwa Wilaya ya Bagamoyo. Watafiti wa Tanzania na Ufini, Marja-Liisa Swantz akiwa miongoni mwao, walichunguza utamaduni na maendeleo pamoja na wanavijiji, wakulima na wafugaji. Jina lenyewe linasema mengi. Ilikuwa enzi ambayo wataalamu walifika kijijini wakiuona utamaduni kama kizuizi. Mradi huu uliuchukua kama nguvu ambayo watu wanaanzia nayo.

Ushirikishwaji una matatizo yake, nayo usiyafumbie macho. "Jamii" haina sauti moja. Wanaojitokeza kwanza kuwa watafiti wenza mara nyingi ni ndugu wa viongozi au vijana waliosoma. Ukiwachukua hao tu, umeongeza nguvu kwa wenye nguvu. Tafuta pia aliyejitoa kwenye kikundi na aliyefukuzwa. Wao wanajua mambo ambayo wanachama hawayatamki.

Niwalipe wahojiwa?

Fidia muda na nauli, kiwango kimoja kwa wote, kijulikane wazi. Usinunue habari: anayelipwa kwa kila kisa atakupa visa. Mtafiti mwenza yeye ni mfanyakazi, mlipe mshahara na jina lake liwe kwenye chapisho.

Ninawarudishiaje matokeo? Ripoti yangu ina kurasa 140.

Hakuna atakayezisoma, na si kosa lao. Rudi na kitu cha kusikilizwa au kutazamwa: kipindi cha redio, maonyesho ya picha ukutani, igizo, au mkutano wa jioni moja ambao unasoma kurasa tano kwa sauti na kunyamaza. Fanya hivyo *kabla* ya kuchapisha. Watakaa kimya mwanzoni, kisha atasimama mmoja kusahihisha tarehe, mwingine kupinga, mara ukumbi mzima unabishana. Washa rekoda, kwa ruhusa. Ubishi ule mara nyingi ndio data bora ya mradi mzima.

Si lazima ukubali kila sahihisho. Viongozi wakitaka uondoe sura inayowahusu na una ushahidi, ibakize, na uandike kwamba walipinga na kwa hoja gani. Jambo litakalomdhuru mtu mnyonge, ondoa bila kuombwa.

Nina kanda za mradi wa zamani, sijui nizipeleke wapi.

Zigeuze za kidijitali kwanza, maana utepe wa kaseti unaoza na mashine za kuuchezea zinaadimika. Weka nakala mbili mahali tofauti. Kila faili liwe na tarehe, mahali, lugha, na masharti ambayo msemaji aliyaweka siku ile, hata kama yalikuwa ya mdomo. Kisha, kabla ya kuzikabidhi maktaba ya chuo, watafute waliorekodiwa. Waliofariki, tafuta watoto wao. Beba spika ndogo na uwape nafasi ya kusikiliza kanda nzima, wala usiwaharakishe. Ndipo uulize nani azisikie baada yao, na nakala ya kwanza ibaki pale nyumbani.